Mwendesha baiskeli aliyekwama kwenye neno 'mlandu'

Ni asubuhi, na msafara umeshaondoka. Baiskeli za abiria zinateremka kutoka kijiji cha Namikombe kwenda bomani, kila moja na mtu wake nyuma. Mbele anakanyaga Masautso Thipa, shati jeupe limeshalowa mgongoni. Amempakia mkuu wa kijiji, Gogo Malita, bibi mwenye mwili wake.

"Diwani, kanyaga bwana! Au tukusukume?" anapiga kelele mwenzake.

"Nyamaza wewe," anajibu bibi. "Hujawahi kubeba mzigo wa serikali."

Leo Masautso anapeleka jina lake agombee udiwani. Ana miaka arobaini na moja, na kazi yake ni hiyo hiyo baiskeli. Akipata abiria watano, nyumbani kunapikwa nsima, ugali wa huku, na samaki. Masika mto ukijaa, kunapikwa uji.

Mto huo ndio uliomwingiza kwenye siasa.

"Nilimpakia mama mwenye uchungu," anasema. "Tukafika, maji yamefura, daraja hakuna. Akajifungulia pale ukingoni, juu ya koti langu. Mtoto hakuishi. Nikasema, kiti hicho nakitaka mimi."

Bomani, msimamizi wa uchaguzi, Bwana Kalirani, anamuuliza kama anavyowauliza wote: "Una mlandu?"

"Sina, bwana."

Kalirani anavua miwani. "Mahakama inasema ulitiwa hatiani miaka mitano iliyopita. Kupokea mali ya wizi. Mbona unanidanganya?"

"Ule ulikwisha, bwana. Nilifungwa, nikatoka. Kitu kilichokwisha ninacho vipi?"

Nje, watu wa msafara wanacheka, kisha wanaacha kucheka.

Kwa lugha ya huku, mlandu ni kesi, na mlandu huo huo ni hatia. Neno moja linabeba mizigo miwili. Miaka mitano nyuma, mteja alimkodi Masautso ambebee magunia ya mbolea. Polisi walipowasimamisha, mteja akaingia kwenye mahindi, akapotea. Mbolea ilikuwa ya wizi. Mahakamani hakimu akauliza: una mlandu?

"Nikamwambia, ndiyo mheshimiwa, ninao," anasimulia Masautso. "Nimesimama mbele yake na pingu, niseme sina kesi? Si angeniona mwongo?"

Hakimu akaandika kwamba amekiri.

Basi aliitikia pale alipotakiwa kukataa, na leo amekataa pale alipotakiwa kuitikia. Sheria inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la kukosa uaminifu asigombee mpaka ipite miaka saba. Na si sheria ya kipumbavu. Nani anataka mwizi ashike ufunguo wa ghala la kijiji?

Tatizo ni kwamba diwani wa sasa, Bwana Jailosi Mbewe, amesimama pale pale uani na suti yake. Simenti ya daraja ililetwa wakati wake. Haikufika mtoni, lakini kinu chake cha kusaga kina sakafu inayong'aa.

"Mimi ni msafi," anasema Mbewe. "Kaulizeni mahakamani."

"Msafi wa simenti!" mtu anamjibu kutoka nyuma.

Mke wa Masautso, Enelesi, anamsogelea msimamizi. "Baba, nieleze polepole, mimi sikusoma. Anayeiba asishikwe ndiye mwaminifu? Na anayeshikwa bila kuiba ndiye mwizi?"

Kalirani anarudisha miwani yake usoni. "Mama, mimi sipimi mioyo, naangalia hukumu. Nikianza kupima mioyo, kesho mtasema Mbewe amenihonga nipime vibaya."

Hilo nalo ni kweli.

"Gogo, sema neno," watu wanamwomba bibi.

"Njiani nilikuwa nalo," anasema Gogo Malita. "Sasa sijui limeangukia wapi."

Jina la Masautso halikuingia kwenye karatasi ya kura. Mbewe alishinda. Kalirani alihamishiwa wilaya nyingine. Hakimu amestaafu, na ombi la kuifungua upya ile kesi ya mbolea linasubiri jalada ambalo halijaonekana. Mteja naye hajaonekana. Gogo Malita alifariki mwezi wa pili. Anayekaa mahali pake ni mpwa wake.

Enelesi anauza maandazi sokoni, na anasema safari ijayo, mumewe akikataliwa tena, atagombea mwenyewe.

Masautso bado anaendesha baiskeli. Miaka saba itatimia kabla ya uchaguzi ujao, na amekusudia kurudi bomani. Daraja halijajengwa. Masika haya amevusha wagonjwa watatu mgongoni. Wawili walifika hospitali.