Mwendo wa Doluka

Kundi letu lilicheza ngoma za karibu makabila yote ya Uganda, isipokuwa ya kwetu. Nasema letu, ingawa mimi sikuwa mchezaji. Nilifua mavazi yao na kushona shanga zilizokatika, na kwa kuwa chumba cha wazazi kilikuwa kitupu tangu walipofariki, ngoma za kundi zililala pale kwetu Makindye. Mchezaji alikuwa mdogo wangu wa kike. Niliacha shule mapema ili yeye na wadogo zetu wengine wasiache, na kila nilipomwona akikata kiuno kwa ngoma za Waganda na watu wakimtunza, sikuona kama nilipata hasara.

Jioni moja, mazoezi yalipokwisha uani, akamwambia kiongozi, "Mwalimu, tuweke na doluka."

Doluka ni ngoma yetu Wanubi, wanawake huicheza arusini. Kiongozi wetu ni Muganda aliyekulia kambini kwa baba yake askari, na ndiye mpiga ngoma mkuu. Alicheka.

"Ile ya kutembea? Watazamaji wa onyesho letu la Mengo watasinzia, nyabo."

"Wacha wasinzie. Tutawaamsha."

"Na nani anaijua?"

Mdogo wangu akaelekeza kidole kwenye kamba ya nguo, nilikokuwa nikianika. "Dada."

Nilikuwa naijua nusu. Nilipokuwa mdogo nilimfuata mama kwenye mduara, nimeshika pindo la gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga kiunoni. Nusu iliyobaki nilimpigia shangazi simu Bombo, akaniimbia huku akikaanga vitunguu; nilisikia mafuta kuliko maneno, ikabidi arudie.

Kiongozi akakubali kwa sharti moja. Tungeicheza kwenye onyesho la Mengo, na ikidoda, asisikie tena mtu akiitaja. Usiku ule mdogo wangu alilitoa sanduku la mama uvunguni.

Shida ilikuja kwenye mazoezi. Wapigaji wetu wamezoea kuongeza kasi kila ngoma inapokaribia mwisho, maana hapo ndipo watazamaji hushangilia. Mikono yao inafanya hivyo bila kuulizwa. Doluka ikawa inaanza kwa kutembea na kumalizika kwa mbio, wasichana wameshika nguo zisifunguke.

"Nani anamfukuza bibi arusi?" niliuliza.

Kiongozi akajifuta jasho. "Dada, mkono wangu hauna breki."

"Basi mimi nitakuwa breki."

Nikasimama mbele yake nikipiga makofi. Mwendo ule nilikuwa nao mkononi tangu zamani. Mwaka ule wa kwanza bila wazazi, kitindamimba wetu hakulala mpaka nimpigepige mgongoni nikiimba wimbo wa doluka. Nikiharakisha, anafumbua macho. Kwa hiyo nilijifunza kutoharakisha, hata maji yakichemka jikoni.

Siku ya onyesho nilitaka kusimama pembeni, nyuma ya pazia. Mdogo wangu akanifunga gurbaba ya mama kiunoni, akaikaza.

"Breki haikai nje ya gari," alisema.

Tukaingia. Ukumbi ulikuwa umetoka kushangilia ngoma ya kiuno, na sasa ukanyamaza. Tulizunguka polepole, hatua na kofi, hatua na kofi. Mtu akakohoa. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akatoa simu. Kiongozi alimwona, nami nikasikia ngoma inaanza kukimbia.

Mdogo wangu aliniangalia. Msichana mmoja mbele yake alikuwa ameshaifuata ngoma. Mimi niliendelea na makofi yale yale, siyo kwa nguvu zaidi. Mdogo wangu akashusha pumzi, akaweka mguu wake kwenye kofi langu. Aliye nyuma yake akamfuata, kisha yule wa mbele akarudi. Ngoma ikabaki inakimbia peke yake. Haikufika mbali. Nilisikia kiongozi anapunguza, anatafuta, mpaka mkono wake ukatua palipo na kofi letu.

Hapo viti vya nyuma vikapiga kigelegele. Wanawake wawili watatu, Wanubi kama sisi, walisimama wakaitikia wimbo, pamoja na maneno ambayo shangazi aliyasahau. Mmoja alishuka kati ya viti akaingia kwenye mduara na mkoba wake begani. Yule bwana wa mbele bado alikuwa na simu mkononi, lakini sasa ilikuwa imeelekezwa kwetu.

Kesho yake kiongozi alileta ngoma nyumbani, akaziweka chumbani moja moja. Kisha akasimama mlangoni.

"Kuna arusi Kasubi Jumamosi. Wanataka ile ya kutembea."

"Utaiweza?" mdogo wangu akamuuliza.

"Breki akija."

Nilikuwa naanika. Gurbaba ya mama sikuirudisha sandukuni. Niliitundika kwenye kamba ile ile, katikati ya mavazi ya kundi, ipate kukauka kabla ya Jumamosi.