Mji Alioukulia Mshona Mapazia

Mshona mapazia wa mlango wa pili kwetu Kaloleni huongea huku pini zikiwa midomoni, polepole, vidole vyake vyenye hina vikilainisha kitambaa kilichokwisha kulainika. Mteja akikawia kuondoka, humsimulia mji wa kwao jangwani: kisima, ngamia wakingoja zamu, mahema machache, kisha duka la kwanza la mabati. Humalizia kwa kusema, "Nitarudi." Chakula hula peke yake, mlango ukiwa wazi.

Jumamosi nilikuwa nimefuata pazia langu wakati Sagal, mpwa wake aliyezaliwa hapa Nairobi, alipompigia kwa video kutoka mji huo wa jangwani alikokwenda kutembea. Simu ikajaa ghorofa, lami na bodaboda.

"Nipeleke kisimani," mshonaji akamwambia. "Kutoka pale nitakuelekeza nyumbani."

"Shangazi, kisima kilifukiwa. Hapa niliposimama ndipo, sasa ni benki. Maji yanatoka kwa mfereji."

"Alhamdulillahi. Watoto hawatabeba tena mitungi."

Alizitoa pini midomoni moja moja. Simu ilipokatika, alinigeukia.

"Mama Awuor, nikishuka kwenye basi pale, nitamwambia nani kwamba mimi ni wa hapo?"