Ndugu Yetu Anatoka Jela

Shangazi yangu alikuwa na kipawa cha kuwahubiria watu wasioweza kuondoka. Kanisani watu walikuwa na njia zao: mtoto analia, maharagwe yako jikoni, tumbo limechafuka, na mara wametoweka. Jela hakuna mambo hayo. Mfungwa akishaketi kwenye simiti ameketi, na Shangazi aliweza kuanza na Adamu na kushuka naye polepole mpaka jua lipinduke. Mwenyewe aliita huo wito. Mimi nilikuwa na jina jingine, lakini nilikuwa nikila ugali wake, kwa hiyo nilinyamaza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi hakuna, ninaishi kwake Makadara katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya vyumba viwili. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na kila Jumamosi ya huduma alikumbuka ghafla kwamba yuko zamu. Mimi sikuwa na zamu. Nikabeba kapu la vipande vya sabuni, tishu za chooni na mikate, ambayo askari wa langoni aliichoma kwa spoku ya baiskeli kuona kama tumeficha sigara ndani. Tulikuwa kikundi kidogo cha kanisa, sare nyeupe na vitambaa vya buluu kichwani, na ngoma moja iliyojua pigo moja.

Wafungwa walitupenda. Walipenda sabuni zaidi, lakini na sisi walitupenda. Mwanzoni tuligawa sabuni kabla ya mahubiri, wakaokoka watu wawili. Shangazi akageuza mambo, akawa anagawa baada ya wito wa kuokoka, na Jumamosi hiyo ikaokoka nusu ya jela, wakiwemo waliokuwa wameokoka mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Kulikuwa na mzee wa wizi wa ng'ombe aliyeokoka mara nyingi kuliko nilivyopata kuoga kwa maji moto. Nilipomtajia Shangazi jambo hilo, alinijibu kwamba Mungu hachoki.

Mmoja, lakini, aliokoka kwelikweli, au ndivyo tulivyoamini. Alikuwa kibarua wa kiwanda kimoja upande wa Mukuru, amefungwa kwa kuiba nyaya za shaba. Mtu mrefu, mpole, na sauti, jamani, sauti ya kukutoa machozi hata kama umekuja na hasira zako. Akaanzisha kwaya humo ndani. Akimwona Shangazi anainamisha kichwa na kumwita mama. Kina mama wa kikundi walimpenda kuliko waume zao, na sikuwalaumu, maana waume zao niliwajua. Tukawa tunamwita Ndugu Yetu.

Kwa tabia yake njema akapunguziwa kifungo. Siku tuliyopata habari hiyo Shangazi alisimama mbele ya wafungwa wote, bila kumuuliza mtu, akatangaza kwamba mke wa Ndugu Yetu anamngoja, watoto wanamngoja, na kitanda kimetandikwa. Wafungwa wakapiga makofi na Ndugu Yetu akalia. Huyo mke aliyekuwa akingoja, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtia machoni.

Basi tukaenda mtaa wa Shauri Moyo kumtafuta, mimi na Shangazi. Alikuwa mtu wa kwetu magharibi, amenipita miaka michache tu, anauza mitumba ya watoto soko la Gikomba. Chumba kimoja, pazia katikati, na wasichana wake wawili wadogo wakiandika kazi ya shule juu ya stuli. Akatupikia chai. Shangazi akampa habari njema kwa mbwembwe zote, na yule mwanamke hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliwatuma watoto kwa jirani kwanza. Mlango ulipofungwa, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole akatuonyesha pengo mahali palipokuwa na meno matatu.

Mumewe alikamatwa kwa shaba ya tajiri. Meno hayakuwa mali ya kiwanda, kwa hiyo hakuna aliyeyaulizia. Alituambia kwamba tangu mume aondoke, watoto wanalala mpaka kunakucha, na yule mkubwa ameacha kukojoa kitandani. Akasema hamtaki tena. Hakulia wala hakupandisha sauti, alisema tu kama mtu anayekataa kuongezwa sukari.

Shangazi akamwambia mtu wa zamani amekufa, huyu wa sasa ni mpya, laiti angeisikia ile kwaya. Akamwambia kusamehe si hiari ya mtu. Akamwambia na ya ndoa, yote, mpaka chai ikapoa, kisha akasimama kumwombea. Wakati wa maombi nilifungua jicho moja, nikakuta yule mama hajafumba hata moja. Alikuwa anatutazama tu. Nilimkasirikia Shangazi siku hiyo kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Njiani nilimwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akanijibu kwamba mimi ndiye sijalalia kitanda cha mtu yeyote, kuolewa sijaolewa, kwa hiyo nifunge domo langu. Nikalifunga. Jioni hiyo akakipangia kikundi safari nzima: tutampokea Ndugu Yetu langoni kwa ngoma, kisha tumsindikize kwa nyimbo mpaka Shauri Moyo, mlangoni kwa mkewe, ili mtaa wote uone kazi ya Mungu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ni mwanamke gani angethubutu kufunga mlango mbele ya kwaya, na majirani wamejaa barazani? Na mtu yule akishaingia, angetolewa na nani? Siyo sisi. Sisi tungekuwa tumeshaenda nyumbani kuvua sare. Kesho yake nikaenda Gikomba, nikamkuta akikunja fulana za watoto, nikamwambia mpango wote. Hakunilaumu wala hakunishukuru. Aliuliza mlango wa jela unafunguliwa saa ngapi, akaniambia nimwarifu shangazi yangu kwamba yeye mwenyewe atakuja langoni.

Shangazi aliposikia hayo nusura aupasue ukuta wa jirani kwa kushangilia. Akasema ndiyo sababu watu huambiwa waombe, si kupiga domo. Mimi niliona kumbe yule mama amekata tamaa, na mimi ndiye niliyempelekea habari.

Asubuhi ya siku yenyewe tulijipanga nje ya lango, nyeupe pe. Vijana waliokuwa wakienda kutafuta kibarua viwandani wakasimama kututazama. Mmoja akanisalimu na kuniuliza, niaje siz, hii ni harusi ama matanga? Kisha yule mama akatokea, amekuja kwa miguu, amevaa gauni zuri, na begani ana mfuko mkubwa wa nailoni wa kubebea mitumba. Shangazi akamkumbatia pamoja na mfuko wake. Sote tulidhani ni zawadi.

Mlango mdogo ukafunguliwa, Ndugu Yetu akatoka ndani ya suruali aliyoingia nayo, sasa imemzidi kiuno. Ngoma ikalia, kina mama wakapiga vigelegele, naye akafungua mikono. Mkewe akampita. Akaja mpaka mbele ya Shangazi, akautua ule mfuko miguuni pake. Ngoma ikanyamaza bila kuambiwa.

"Nguo zake zote zimo humu, na viatu, na blanketi. Nimefua," alimwambia Shangazi. "Nyinyi ndio mmemwokoa, mama. Mkae naye."

"Wewe mwanamke," Ndugu Yetu alisema, kwa sauti ambayo kwaya haikuwahi kuisikia, akapiga hatua moja kumwelekea. Ilikuwa hatua moja tu. Askari wa langoni alikohoa, na mara ule upole ukarudi usoni, na tabasamu lake, kila kitu mahali pake. Lakini mimi nilikuwa nimeona, na nilipomgeukia Shangazi nilijua naye ameona.

Watumishi wa Mungu wakaanza kuwa na shughuli. Mpiga ngoma akakaza kamba za ngoma yake. Mmoja akakumbuka chumba chake kinavuja, mwingine mama mkwe amekuja kutibiwa. Shangazi, mwanamke aliyekuwa na aya ya mvua na aya ya kiangazi, alifungua kinywa mara mbili na hakikutoka kitu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka, na haki ya Mungu, ilipofika sikuifurahia. Mwishowe akanielekezea kidevu.

"Siwezi, mwanangu," alimwambia yule mama. "Nina msichana nyumbani."

"Na mimi ninao wawili," yule mama akasema. Akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, kwa adabu, akaenda zake Gikomba.