Siku Nilipomtafsiri Aigerim

Jameni, mkinicheka nichekeni pole pole, maana aibu hii bado mbichi. Kama mlisikia kwamba kuna mama huku ughaibuni, pale Blacktown, aliyeharibu ibada ya vijana, mama huyo ni mimi, na kama mlisikia pia kwamba kuna mgeni kutoka Kazakhstan aliyelala chali mbele ya mimbari huku kanisa zima likimpigia vigelegele, hilo nalo ni kweli, ila mliokuwa mnasimuliwa hamkuambiwa vizuri kosa lilikuwa la nani.

Aigerim tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kulea wazee huko Granville. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mapaja kama ya mchezaji wa raga, na goti moja lina kovu refu kama zipu. Siku moja tukitandika vitanda nikamuuliza habari za hilo kovu, akanijibu bila hata kuacha kunyoosha shuka kwamba zamani alikuwa timu ya taifa ya kwao, mchezo wa mbio za barafu, ule ambao watu wanavaa viatu vyenye visu chini, wanabanana kwenye uwanja mdogo wakizunguka na kuzunguka, na kwenye kona wanalala upande mpaka vidole vinagusa barafu. Mimi barafu niliyoijua maisha yangu yote ni ya kwenye friji. Nilibaki nimekumbatia mto wa watu.

Sasa jioni hiyo hiyo pasta wetu (Mkongomani wa Bukavu, mtu mwema sana ila anapenda matangazo kuliko chakula) akauliza kwenye wasapu ya kanisa kama kuna anayemjua mgeni wa kuja kuzungumza na vijana, nami bila kufikiri nikaandika kwamba ninaye bingwa wa mbio za barafu, tena ni rafiki yangu. Aigerim hakuwa ameniambia yeye ni bingwa. Wala sikumuuliza. Nilijiambia tu kwamba mtu hafiki timu ya taifa kwa kuuza karanga, na ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka na mimi nionekane nina marafiki wa maana.

Neno likishatoka halirudi. Katikati ya wiki bingwa alishakuwa bingwa wa dunia, pasta ametengeneza tangazo lenye picha ya mwanamke mwingine kabisa aliyemtoa kwenye intaneti, watu wanapanga kuja kutoka Lidcombe na kwingineko, akina mama wanagawana nani apike pondu, kile kisamvu cha Kikongo, na nani akaange sambusa. Ningeweza kuandika mstari mmoja wa kurekebisha. Niliuandika, nikaufuta, nikaweka alama ya moyo.

Jumapili nikampokea Aigerim stesheni. Alikuwa amevaa gauni la bluu na amechana nywele vizuri, akaniambia ana wasiwasi, hajawahi kuhutubia watu, lakini atawaambia mambo kama yalivyokuwa. Nikamwambia asijali. Tatizo ni kwamba yeye angesema Kiingereza, vijana wetu wanakielewa, lakini wazee waliotoka Kivu wanaokaa viti vya nyuma hawakielewi, kwa hiyo pasta akanipa maiki ya pili, akasema, "Mama Neema, utatutafsiria, sivyo?"

Mwanzo nilitafsiri vizuri, Mungu ni shahidi. Akaeleza mji wao mdogo wa kaskazini, baridi inayogandisha kope, baba yake fundi wa kuchomelea vyuma ambaye alikuwa akimwaga maji uani yagande ili binti apate pa kutelezea, na viatu vya kaka yake alivyovijaza soksi ili vimkae. Wazee wakatikisa vichwa, viatu vya kaka wanavijua. Halafu akasema alipelekwa shule ya bweni ya wanamichezo mjini, akalia sana, akaingia timu ya taifa akawa mchezaji wa akiba. Hapo nikamwona pasta kanikazia macho, na lile tangazo liko ukutani nyuma yake. Nikasema alikuwa nguzo ya timu.

Ukishavuka hapo, hakuna pa kurudia. Aigerim akasema alipelekwa kwenye mashindano makubwa kwa sababu mwenzake aliumia, mimi nikasema alichaguliwa mbele ya wote. Akasema mji mzima ulikusanyika kwenye televisheni, hilo nikaliacha. Akasema walikuwa mzunguko wa mwisho, yuko wa pili, na wa pili naye anaingia raundi inayofuata, kisha akaanguka. Nikasema, "Akawapita wote." Basi yeye, ili tuelewe vizuri, akaweka maiki chini, akainama kama yuko kwenye kona, mkono mmoja sakafuni, halafu akajiachia puu kwenye zulia, akateleza na gauni lake la bluu, akabaki chali miguu juu. Kanisa zima likanigeukia mimi. Nikasema, "Hapa anatuonyesha jinsi alivyomshukuru Mungu."

(Mtu gani anashukuru akiwa chali na miguu juu? Lakini wazee wetu wameona mengi.)

Vigelegele vikapaa, vijana waliosikia Kiingereza wakatazamana kisha wakafuata mkumbo, kijana wa kinanda akaanzisha pambio, pasta akaruka. Aigerim akakaa pale chini akiwatazama wale watu wanaoshangilia alivyoanguka, uso umemwiva, akaniuliza kwa sauti ndogo wanafurahia nini. Nikamwambia ndivyo tunavyowafariji watu kwetu. Kabla hajanijibu, Mama Zawadi, bibi wa watu aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuja huku, alishafika mbele, anataka kuishika medali ya dhahabu aliyodhani ipo, awaombee wajukuu wake.

Ndipo binti yangu Neema akasimama. Huyu mtoto nyumbani namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, mpaka nilishakata tamaa. Alikuja akanitoa maiki mkononi, akawaangalia wale wazee.

"Yeye hakushinda," akasema. "Alianguka. Alianguka mwenyewe, hakuna mtu alimsukuma. Mama ametafsiri vibaya."

Kinanda kikanyamaza. Natamani ningewaambia sakafu ilipasuka ikanimeza, lakini makanisa ya huku yanajengwa imara. Mama Zawadi akafikiri kidogo, akamuuliza Neema, "Na alisimamaka?" Neema akamuuliza Aigerim, akarudisha jibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: alisimama, akamaliza wa mwisho, watu walikuwa washaanza kuangalia wengine, na baba yake alimpigia simu akamuuliza kama amekula.

Mama Zawadi akamshika Aigerim mkono, akamwinua. "Basi huyu ni wa kwetu," akasema.

Walikaa naye mpaka pondu ikaisha. Neema alikuwa akiwatafsiria. Mimi nilijipeleka jikoni kuosha sufuria ambazo hakuna aliyeniomba nizioshe.

Nikamrudisha Aigerim stesheni kwa gari langu. Tulipofika akafungua mlango, kisha akakaa tu.

"Nililia muda mrefu kwa sababu ya ile kona," akaniambia. "Siku hizi naweza kuisimulia. Kwa nini wewe ndiye uliyeona aibu?"

Nikalitafuta jibu kwa Kiingereza, nikalitafuta na kwa Kiswahili. Akanisubiri kwa adabu kama tunavyowasubiri wazee wetu kazini wakitafuta neno, alipoona halitoki akanipigapiga begani, akashuka.

Tunafanya kazi pamoja bado, na Jumamosi anamfundisha Neema kuteleza. Kanisani nimeondolewa kwenye maiki, sasa niko kwenye chai. Na nimeapa: mtu akiniambia alianguka, nitasema alianguka. Nikipenda kuongeza chumvi, sufuria zipo.