Mrushaji Aliyetakwa na Kampuni Tatu

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kuchapa fomu za visa hapa ughaibuni, mtaa wa Al Twar, nikakaa karibu na vijana watatu wa ghala moja la bandarini Jebel Ali. Wawili walikuwa wakimchagulia mwenzao kampuni ya kuhamia, maana ndiye mrushaji mpira nyota wa timu yao ya kriketi.

"Nenda kwa wale wa saruji, chumba watu wanne tu."

"Acha wewe! Wale wa makontena wanatoa tiketi ya nyumbani kila mwaka."

"Bosi wetu arbab hamwachii. Atamsainia visa wiki hii hii."

Nyota mwenyewe anajaza fomu kwa mkono wa kushoto, herufi kama za mtoto wa chekechea. Wa kulia kaulaza pajani. Wenziwe walipokwenda dirishani, nikamsogelea.

"Mwanangu, kwani wewe mashoto?"

"Bibi, bega limekufa. Arbab ananiweka kwa ajili ya kriketi tu. Akijua kabla ya kusaini, narudishwa kwetu."

"Na hizo kampuni zinazokutaka?"

"Nimezitunga mimi, ili asaini upesi."

Sisi wambea nasi tuna huruma. Wenziwe waliporudi, nikawaambia nimesikia hata kampuni moja ya kule Investments Park inamtaka. Macho yakawatoka.

Habari zikamfikia arbab. Ijumaa akaja uwanjani mwenyewe, hajasaini bado, aone hicho kinachogombaniwa. Akamkabidhi mpira. Kijana akainua mkono hadi kifuani, mpira ukamwanguka miguuni.

Jumapili kijana alipanda ndege kurudi kwao. Kampuni zake mbili zilikuwa zinamtosha. Ile ya tatu niliitunga mimi.