Siku Lami Ilipomnasa Bibi Miguu

Aibu hii wengi wenu mmeshaisikia kwa watu waliokuwepo, na kwa kuwa kila anayeihadithia anaongeza chumvi yake (kuna mmoja anasema eti gari liliwaka moto, muongo yule), leo acheni niwape mwenyewe mhusika, cheko lenu nalijua na nimejiandaa, ila msiondoke kabla sijamaliza, maana mwisho wake nilitoka kifua mbele.

Mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari pale Mkomaindo, hapa Masasi, na mume wangu, Baba Salumu, alikuwa na landrova kuukuu iliyokaa shambani chini ya mikorosho mpaka kuku wakataga ndani yake. Tukaifufua, mimi na yeye na fundi Chilumba, injini ikakubali, rangi ikakaa, viti nikashona mwenyewe. Ila kelele! Ukitaka kumwambia jirani yako jambo sharti umshike sikio, na joto la injini lilipanda kwenye sakafu ya bati mpaka unakaa umeinua miguu kama kuku kwenye matope.

Sasa Salumu wetu akachumbia Newala. Binti anaitwa Zainabu, kalelewa Kitangari na bibi yake, Bibi Somoe, na siku moja tulimpa lifti huyo bibi. Alishuka ameziba masikio, akaniambia mbele ya watu, "Mama Salumu, gari lenu linakaanga watu. Kwenye harusi sipandi humo."

Ningenyamaza. Watu walishaanza kupendekeza taksi. Mimi mdomo ukanitoka: "Bibi, siku ya harusi utapanda gari hilihili, na utadhani umekaa sebuleni kwako!"

Kutimiza neno hilo kulikuwa na njia mbili. Kuna shiti za raba nzito, upande mmoja zina gundi na upande wa pili ngozi ya alumini, hizo unaziagiza Dar zinakuja kwa basi, unasubiri. Na kuna lami nyeusi ya kuzibia paa linalovuja, hiyo ipo dukani, unabeba ndoo yako unaondoka. Harusi ilikuwa karibu na uvumilivu mimi sijajaliwa, nikamuuliza fundi Chilumba, naye akasema, "Lami ni lami tu, Mama Salumu. Si hiyohiyo wanayomwaga barabarani na malori yanapita juu?" Nikaona amenena (sote wawili tukasahau kwamba barabarani hakuna injini inayohema chini ya lami).

Basi tukaipaka nene, sakafu nzima na juu ya giaboksi, tukatandika zulia. Darini nikabandika sponji la godoro kwa gundi ya viatu, nikalivisha kitambaa cha mahameli rangi ya damu ya mzee, kazi safi. Alfajiri tukazunguka Mkomaindo kujaribu, kimya! Nikawapungia mkono hata watu nisiowajua.

Siku ya harusi tukaondoka Masasi jua limeshakomaa, tukapanda mlima kwa gia nzito, na kule juu nikaanza kusikia harufu ya barabara mpya. Baba Salumu akaniangalia, nami nikaangalia dirishani. Tukafika Kitangari.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akapanda, akakaa mbele kati yetu, miguu kwenye giaboksi, mlango ukafungwa, tukaondoka. Nikamsemesha habari za safari, akanigeukia, "Mbona nakusikia?"

Jamani, niliota mabawa! Tukaongea njia nzima. Akanieleza Zainabu alivyo, kwamba akinuna usimuulize kitu, mpe korosho abangue, mwenyewe ataanza kusema. Akaniambia anavyoogopa nyumba kuwa kimya mjukuu akishaondoka, na sauti yake ilishuka kabisa, na kila neno lilinifikia.

Newala tukakuta magari yamepangana mbele ya nyumba ya baba wa bibi harusi, tukasimama juani injini inaunguruma, tunasubiri kupokelewa. Hapo ndipo zulia lilipoanza kubadilika rangi. Kisha dari ikapumua, puu, mahameli yote yakatushukia vichwani na sponji lake. Ngoma ikafika, vigelegele vikafika, mlango ukafunguliwa, Bibi akataka kushuka, miguu haikutoka.

Nikamvuta. Nikateleza, nikakalia lami. Salumu, bwana harusi mwenyewe, akaja mbio kumsaidia na kanzu yake nyeupe, akarudi nayo ina mstari mweusi toka kifuani hadi gotini. Ngoma ikanyamaza. Mama mmoja akauliza kwa nguvu, "Kwani bibi harusi ndiye huyo aliyefunikwa?" Kicheko kilichofuata nadhani walikisikia mpaka bondeni Ruvuma.

Bibi Somoe akavichomoa vidole kwenye ndala, akaziacha zimeganda, akashuka peku na mahameli kichwani. Akasimama.

"Chekeni. Mkimaliza nisikilizeni. Toka Kitangari nimeongea na mama mkwe wa mjukuu wangu kama tuko jikoni, sikupaza sauti hata mara moja. Miguu imepata moto kidogo. Mjukuu wangu nimeshajua anakwenda kwa nani. Haya, ndoa iendelee!"

Mlipuko wa vigelegele uliofuata ulikuwa wangu mimi, msininyang'anye. Salumu alioa na mstari wake.

Asubuhi yake, baridi ya Newala iliigandisha lami ikawa ngumu kama kigae, tukaivunja kwa nyundo na patasi, mabaki tukafuta kwa mafuta ya taa. Nyumbani nikaagiza raba, na safari hii sikumwamini mtu wala macho yangu. Nilibandika kipande kwenye mfuniko wa sufuria na lami kwenye mfuniko mwingine, nikaviweka juu ya bati mchana kutwa: lami ikatiririka, raba ikatulia. Nikatumbukiza masponji majini, maana landrova huvuja mvua: la godoro likanywa, na jingine gumu la vitundu vilivyozibika, nililoagiza pamoja na raba, likaelea, ukilikamua halitoi tone. Raba ikakaa kwenye bati la sakafu ya gari, sponji gumu juu yake, na kwenye ukuta wa injini nikaweka shiti ya alumini ya kurudisha joto.

Tukamfuata Bibi aje kumtembelea Zainabu Masasi, saa ya jua kali kwa makusudi. Alitia miguu yake palepale kwenye giaboksi, na kwenye mteremko akalala fofofo. Kelele pekee garini ilikuwa kukoroma kwake. Baba Salumu alinipa mkono.

Siku hizi wenye magari makuukuu wananifuata hata kutoka Newala kwenyewe. Nawapokea wote, ila mtu akija na ndoo ya lami ya paa namwambia aipeleke inakohusika, juu ya nyumba, na mimi kiapo changu ni kimoja: kitu nisichokijaribu juani hakikanyagwi na mkwe wa mtu.