Mtoto Wetu wa Kwanza Ana Jina la Mtoto wa Tatu

Admin, ficha jina langu na la mke wangu. La mtoto liache, bila hilo kisa hiki hakieleweki.

Nilimpoteza mke wangu mwezi wa tatu mwaka huu wa 2015, siku ya Alhamisi. Hakufa. Alifunga mizigo miwili asubuhi, akamshika mtoto mkono, akapanda gari la Bwera, mji wa mpakani, kwenda kwa shangazi yake. Leo ni wiki ya kumi na moja.

Nina miaka 36. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya simenti hapa Kasese, nami nikazaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Hakuna aliyenibeba. Nilipakia mifuko ya simenti miaka mitatu, nikajisomesha ushauri nasaha, nikaajiriwa kituo cha afya, na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, masomo ya Jumamosi na Jumapili. Nimekaa na wagonjwa saa 212, na msimamizi wangu amezisaini zote. Nasema haya mjue kwamba mimi si mtu wa kubahatisha.

Mke wangu nilimkuta Bwera miaka tisa iliyopita, akiuza maharage dukani kwa shangazi yake. Walikuwa wamekimbia vita upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Sikumuuliza zaidi, na nilijiona muungwana kwa kutouliza. Tulipopata binti, alisema mbele ya wote waliokuja kutupongeza kwamba ataitwa Kabugho. Shangazi naye anaitwa Kabugho. Kwetu mtoto hurithi jina la ndugu, basi nikafurahi, nikaona amemheshimu mama aliyemlea. Binti sasa ana miaka saba, na ndiye mtoto wetu wa pekee.

Muhula huu tuna somo la kutibu watu kwa kufuata mila zao, ili tusimtibu mtu wa milimani kwa maswali ya kitabu kilichoandikwa ng'ambo. Mhadhiri wetu ni mama wa kabila la Wakonzo, wenyeji wa hapa. Alituambia kila mmoja achore mti wa nyumba yake, mume, mke na watoto, kwenye karatasi kubwa na kuueleza mbele ya darasa. Tuko kumi na wanne. Mti wangu ulikuwa na watu watatu tu, nikamaliza kwa dakika mbili. Mhadhiri akautazama, akauliza taratibu, "Na Masika na Biira wako wapi?"

Nikamwambia hao hawapo, mtoto amerithi jina la shangazi. Mwenzetu mmoja, mwenyeji wa Kitswamba, akacheka. "Bwana, miaka yote hii Kasese ulikuwa unahesabu mifuko tu?"

Mhadhiri akamnyamazisha, kisha akanieleza. Kwa Wakonzo na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka, binti hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa kati ya mabinti wa mama yake. Wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Hata wa mbele wakifa, hesabu hairudi nyuma. Mimi nilijua kila mtaa una Masika na kila duka lina Baluku, jina la wavulana wao wa kwanza. Nilidhani ni majina yanayopendwa tu.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Jumatano jioni nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikapanga viti viwili kwa pembe, nikaweka daftari gotini, nikalainisha sauti, nikamwambia ningependa kuelewa anajisikiaje kuhusu watoto waliotangulia.

Akalinyooshea kidole daftari. "Ile kaye ni ya nini?"

Nikasema ni mazoea ya kazi.

"Mimi niko mugonjwa yako?"

Akapiga pasi nguo za mtoto, na asubuhi wakaondoka.

Wiki ya pili nilimfuata. Hakutoka ndani. Shangazi alinipokea mlangoni mwa duka, nikamwaga yote: kwamba nimeishi miaka tisa na mtu aliyenificha watoto wawili na mwanaume, kwamba nimedanganywa. Aliendelea kupima maharage mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hakukuficha. Alikuambia siku mutoto alizaliwa, mbele ya watu. Alitaja jina. Weye mwenye kujua hesabu, hukuhesabu." Nikauliza kama wamekufa, akakubali. Walikufaje, hakusema.

Tangu hapo, kituoni watu sita kwa siku wananifungulia mioyo yao. Nikirudi nyumbani hakuna anayeniuliza hata kama nimekula. Bado napima mchele wa watu watatu. Darasani karatasi yangu ingali ukutani, mhadhiri anasema ni mfano mzuri. Jumapili iliyopita nilisubiri wenzangu watoke, nikachora miduara miwili ya mabinti kabla ya Kabugho. Kwa penseli.

Sasa shangazi ameleta ujumbe. Jumamosi hii kuna misa ya wale watoto, mara ya kwanza kuombewa kwa majina. Mke wangu anasema nije nikae kiti cha baba, kwa kuwa baba yao hayupo. Nisibebe daftari. Nisiulize swali, siku hiyo wala baadaye, mpaka afungue kinywa mwenyewe. Nisipofika, atamwandikisha binti shule ya Bwera na hatarudi tena.

Kaka yangu mkubwa anasema nikikaa kile kiti nimekubali watoto wa mwanaume mwingine, na sijui kama yu hai. Na kweli swali hilo halinitoki. Kazi yangu ni kuuliza, ndiyo imenitoa kwenye mifuko.

Nishaurini: niende nikakae kimya, au nidai majibu kwanza? Gari la kwanza la Bwera linaondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Nitasoma mnachoandika mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kisha nazima simu. Andikeni niende au nisiende, basi. Na tafadhali, mtu asiniulize ninajisikiaje.